Kuchagua prosesa unaponunua laptopu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Prosesa ni ubongo wa kompyuta, kipande kinachofanya hesabu zote. Maswali haya ni ya mnunuzi wa Afrika Mashariki, ambako laptopu nyingi zinazouzwa zimeshatumika maofisini Ulaya au Marekani, na rafu ya pili ya duka lilelile ina mpya za bei ya chini zikiwa bado kwenye boksi. Yapo yaliyojibiwa kwa mistari miwili na yapo yaliyojibiwa kwa urefu. Urefu umefuata mahali ambapo watu hupoteza pesa.

Muuzaji ananiambia "hii ni i7, chukua". Inatosha kujua hivyo?

Haitoshi hata kidogo. i7 ni jina la daraja, na Intel, kampuni inayotengeneza prosesa hizo, imelitumia tangu mwaka 2008. Chini ya jina hilo zimepita prosesa za kila rika, nzito na nyepesi. Chukua i7-4600U ya mwaka 2013: ina viini 2 tu vya kufanyia kazi. Iweke kando ya i5-8250U ya mwaka 2017, yenye viini 4. Mteja anayefuata stika ataondoka na i7, tena kwa bei ya juu, na mwenzake aliyechukua i5 atamaliza kazi mapema kila siku.

Kwa hiyo usiulize "ni i ngapi?" Uliza jina kamili, pamoja na namba na herufi ya mwisho. Muuzaji asiyelijua awashe mashine mlisome pamoja.

Namba hizo zinasomwaje?

Kwa Intel za miaka mingi, tazama namba inayofuata baada ya kistari. Kwenye i5-8250U, ile 8 ni kizazi cha 8. Kwenye i5-6300U ni cha 6. Zikiwa tarakimu tano, kama i5-10210U, mbili za mwanzo ndizo kizazi: cha 10.

Pana mtego hapa, na unawanasa hata mafundi. i5-1135G7 si kizazi cha kwanza, ni cha 11. i5-1035G1 ni cha 10, na i5-1235U ni cha 12. Ukiona tarakimu nne zinazoanza na 10, 11, 12 au 13, soma mbili za mwanzo kwa pamoja. Wapo walioiacha 1135G7 mezani wakidhani ni kuukuu, wakabeba i7 ya kizazi cha 5.

Mwaka 2023 Intel ilitangaza kuiacha ile herufi "i" kwenye majina mapya. Ndiyo maana sasa unakutana na Core 5 120U au Core Ultra 5 125H. Zote hizo ni mpya. Ukiziona kwa bei ya mtumba wa zamani, kagua mara mbili.

Hii ina 2.5GHz na ile ina 1.6GHz. Si ya kwanza ndiyo yenye kasi?

Hapana, na swali hili limewagharimu wengi. Mfano ulio sokoni kila siku: i5-7200U imeandikwa 2.50GHz, i5-8250U imeandikwa 1.60GHz. Namba hiyo ni mwendo wa chini wa kawaida. Kazi ikiwa nzito prosesa hupandisha mwendo: ya kwanza hufika 3.1GHz, ya pili hufika 3.4GHz. Tena ya kwanza ina viini 2 na ya pili ina 4. Kwa kila hali i5-8250U iko mbele, ingawa namba inayosomeka kwenye skrini inasema kinyume.

GHz hulinganishwa kati ya prosesa za familia moja na kizazi kimoja. Nje ya hapo haikuambii kitu.

Kwa nini kila mtu anasema "anza kizazi cha 8"?

Kwa sababu mbili, na zote ni za kweli.

Ya kwanza ni hiyo ya viini. Hadi kizazi cha 7, i5 na i7 za laptopu nyembamba, zile zinazoishia na U, zilikuwa na viini 2. Kizazi cha 8 kilipotoka mwaka 2017, zikapewa 4. Mtu anayefungua Excel, kivinjari chenye kurasa kumi na tano, WhatsApp ya kompyuta na mkutano wa Zoom kwa wakati mmoja anaiona tofauti hiyo siku ya kwanza.

Ya pili ni Windows. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inakubali rasmi Intel kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache mno za kizazi cha 7, na mashine lazima iwe na TPM 2.0, kile kipande cha usalama. Kwa AMD, mshindani wa Intel, upande wa laptopu, anzia prosesa zake za Ryzen za mfululizo wa 3000 uwe na amani.

Lakini nimeona kizazi cha 6 ikiwa na Windows 11 dukani.

Utaiona sana. Kuna njia za kuipachika Windows 11 kwenye mashine isiyokubalika, na mafundi wanazijua. Inawaka, inafanya kazi, inapendeza machoni pa mteja. Tatizo ni kwamba Microsoft haiahidi kuipa mashine hiyo masasisho, na toleo kubwa linalofuata linaweza kugoma kuingia. Kuiona Windows 11 kwenye skrini si ushahidi kwamba prosesa inakubalika. Soma jina la prosesa.

Ukiwa tayari unayo mashine ya kizazi cha 6 au 7, usiitupe. Watumiaji wa kawaida waliwekewa nyongeza ya masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi Oktoba 2026, na Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kama Ubuntu au Linux Mint, inatembea vizuri juu yake. Kwa mwanafunzi wa programu hiyo ni mashine ya kujifunzia kabisa. Ninachopinga ni kuitolea pesa mpya leo kwa bei ya kizazi cha 8.

Nitajuaje kizazi kwa kutazama modeli tu?

Kwa mashine za ofisi zinazoletwa kwa wingi inawezekana kukisia vizuri. HP EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6, G4 cha 7, G5 na G6 kwa kawaida cha 8, G7 cha 10, G8 cha 11. Lenovo ThinkPad T470 ni cha 6 au cha 7, T480 ndiyo inayobeba cha 8. Dell Latitude 7490 ni cha 8, na 7420 ni cha 11.

Kukisia kusiwe ndiyo kununua. Modeli moja hutengenezwa na prosesa kadhaa, na T470 mbili zilizopangwa meza moja zinaweza kutofautiana kizazi.

i5 au i7, kama kizazi ni kimoja?

Kwa laptopu nyembamba za kazi, chukua i5 na tofauti ya bei iweke kwenye RAM. i5-8250U na i7-8550U zote zina viini 4 na nyuzi 8, yaani kila kiini hubeba mikondo miwili ya kazi; i7 inazidi kidogo kwa mwendo na kwa kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe (cache). Kizazi cha 12 ni hivyohivyo: i5-1235U na i7-1255U zote zina viini 10, viwili vikubwa vya kasi na nane vidogo vya kubana umeme. Mtu anayeandika ripoti na kufanya hesabu za duka hataitambua i7 hata akifungwa macho na kupewa zote mbili. Lakini ataitambua RAM ya 16GB dhidi ya 8GB kabla chai haijapoa.

i3 nayo isidharauliwe. i3 ya kizazi cha 12 huiacha mbali i7 ya kizazi cha 4 au cha 5.

Herufi za mwisho zina maana gani?

Hizi ndizo zinazosema tabia ya mashine, na zinasahaulika kuliko kitu chochote. U ni prosesa ya kubana umeme, kwa kawaida wati 15: betri inadumu, feni haipigi kelele, umeme ukikatika unaendelea na kazi. H ni ya nguvu, kwa kawaida wati 45, na HQ ni ndugu yake wa zamani: inafaa kazi nzito, inakula betri, inataka mashine nene yenye njia nzuri ya hewa. P ilikuja na kizazi cha 12, wati 28, iko katikati. Y ni dhaifu, ya mashine nyembamba kupita kiasi zisizo na feni. Ikimbie kama una kazi ya maana.

G yenye namba, mathalani G1, G4 na G7, inahusu uwezo wa picha uliomo ndani ya prosesa. Namba kubwa ni bora. i5-1135G7 ina picha za Iris Xe, na hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: uwezo huo hufunguka pale tu RAM inapofanya kazi kwa njia mbili. Mashine yenye kipande kimoja cha RAM itaandika "UHD Graphics" badala ya "Iris Xe". Ukichomeka kipande cha pili, jina hubadilika na video na michezo huwa myepesi. Ukiona UHD kwenye 1135G7 usidhani umeibiwa. Fungua kifuniko kwanza uone kama nafasi ya pili iko wazi.

Kwa pesa hii napata Celeron mpya ya boksi au i5 ya mtumba. Nichukue ipi?

Swali hili linaniuma, kwa sababu anayeliuliza mara nyingi ni mzazi anayemnunulia mtoto laptopu ya chuo, na anaona "mpya" ndiyo salama.

Celeron N4020 ina viini 2. Kwa kawaida huja na RAM ya 4GB iliyounganishwa moja kwa moja kwenye ubao, na hifadhi ya eMMC, aina ya bei ya chini na ya polepole kuliko SSD, ya 64GB ambayo masasisho ya Windows peke yake huimaliza. Baada ya miezi michache mtoto atasema inaganda, na kweli itakuwa inaganda, na hakuna fundi atakayeweza kuiongezea kitu. T480 au 840 G5 ya mtumba yenye i5 ya kizazi cha 8 ina nafasi mbili za RAM, SSD inabadilishika, na kava lake lilitengenezwa kuhimili miaka ya safari za kikazi.

Mtumba una hatari zake: betri iliyochoka, skrini yenye madoa, dhamana fupi. Betri inabadilishika. Prosesa dhaifu haibadilishiki. Ukitaka mpya kwa lazima, angalau itafute yenye Intel N100 ya mwaka 2023, ina viini 4 na inavumilika kwa kuandika, kusoma na kutazama video.

AMD Ryzen je? Fundi wangu anasema "sio Intel, achana nayo".

Ushauri huo ni wa zamani. Ryzen za miaka ya karibuni ni prosesa nzuri sana, na kwa bei moja mara nyingi zina viini vingi zaidi. Ryzen 5 5600U, yenye viini 6, ni ya kununua bila wasiwasi.

Kinachotakiwa ni kujua majina yake, maana AMD waliyavuruga. Kwenye mfululizo wa 7000, tarakimu ya kwanza ni ya mwaka wa kutoka, na ya tatu ndiyo inayosema usanifu wa ndani. Ryzen 5 7520U ina 2 katika nafasi ya tatu: ni usanifu wa Zen 2, ule ulioanza kutoka mwaka 2019, umevalishwa nguo mpya. Ryzen 5 7530U ni Zen 3. Ryzen 5 7540U ni Zen 4. Namba zinakaribiana, mashine haziko karibu. Hiyo 7520U pia hutumia RAM iliyounganishwa kwenye ubao tu, kwa hiyo 8GB uliyonunua ndiyo utakayozeeka nayo.

MacBook ya M1 bado inafaa?

Inafaa. M1, prosesa ya Apple wenyewe, ilitoka Novemba 2020, ina viini 8, na MacBook Air yake haina feni kabisa na bado haitetereki kwa kazi za kawaida. Kwa betri, ni mashine chache za Intel za umri wake zinazoikaribia. RAM haiongezeki, kwa hiyo ikiwezekana tafuta ya 16GB. Kabla ya kulipa hakikisha imetolewa kwenye akaunti ya mmiliki wa zamani na haiko chini ya usimamizi wa kampuni. Bila hivyo siku moja itajifunga.

Na ujue kazi yako inataka nini. Revit, programu ya kuchorea majengo, haina toleo la Mac. Programu nyingi za uhasibu zinazotumika maofisini mwetu zimeandikwa kwa Windows pekee.

Na hizi za Snapdragon?

Snapdragon X, prosesa za kampuni ya Qualcomm, zilianza kuuzwa katikati ya mwaka 2024. Zinatunza betri vizuri, lakini usanifu wake ni wa ARM, tofauti na ule wa Intel na AMD, na draiva (programu ndogo zinazounganisha kompyuta na vifaa kama printa) zilizoandikwa kwa Intel na AMD haziingii. Mwenye steshenari mwenye printa ya miaka kumi, skana ya zamani au kifaa cha alama za vidole, asizinunue kabla ya kuhakikisha kila kifaa chake kina draiva ya ARM.

Nahitaji prosesa yenye AI?

Kwa wengi, bado. ChatGPT na wenzake hufanya kazi kwenye seva za mbali; unachohitaji ni intaneti. Microsoft imeweka kiwango cha operesheni trilioni 40 kwa sekunde kwa mashine inazoziita Copilot+, na si kila Core Ultra inafika. Core Ultra 7 155H, kwa mfano, haifiki. Usilipe zaidi kwa ajili ya stika hiyo peke yake.

Nasoma usanifu majengo. Nachora AutoCAD, baadaye Revit na picha za 3D. Nichague nini?

Hapa i5 ya U itakuangusha mwaka wa pili. AutoCAD yenyewe hutegemea zaidi kasi ya kiini kimoja, kwa hiyo kizazi kipya kina faida hata kama viini ni vichache. Kutengeneza picha za mwisho za jengo ni kazi nyingine: inatumia viini vyote, na inataka kadi ya picha ya kujitegemea. Tafuta H ya kizazi cha 8 kwenda juu yenye viini 6. Kwenye mtumba, HP ZBook 15 G5 yenye i7-8750H au i7-8850H ni mfano mzuri: ina viini 6 na kadi ya Quadro. RAM iwe 16GB ukianza, 32GB ukiweza. Ni nzito begani na betri yake ni ya saa chache, ulijue hilo kabla.

Wahariri wa video wafuate njia hiyohiyo.

Jihadhari na i7-7700HQ. Ina viini 4 na nguvu nzuri, ila ni kizazi cha 7, na Windows 11 haiitambui rasmi.

Nikiwa dukani nakagua vipi?

Acha stika. Stika inabanduliwa na nyingine inapachikwa. Fanya hivi.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Performance, gusa CPU. Kona ya juu kulia utaona jina kamili. Chini utaona Cores, yaani viini, na Logical processors, yaani nyuzi. Jina likisema i5-8250U, lazima Cores iwe 4 na Logical iwe 8. Ikiandika 2 na 4, kuna mchezo: jina linaloonekana ndani ya Windows linaweza kuchakachuliwa, hesabu ya viini ni ngumu kuidanganya. Ukiwa na shaka, zima mashine uiwashe ukiingia BIOS, ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows (F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad), usome jina huko, au uje na CPU-Z, programu ndogo ya kuonyesha taarifa za prosesa, kwenye flashi.

Kisha ipe kazi. Fungua kurasa kumi za kivinjari, weka video ya YouTube ya 1080p, na urudi kutazama Speed pale kwenye Performance. Namba ipande na kushuka. Ikibaki chini ya 1GHz huku matumizi yakiwa asilimia 100, mashine imejibana. Inaweza kuwa joto. Inaweza pia kuwa chaja: Dell isipoitambua chaja hutoa onyo wakati wa kuwaka na kupunguza mwendo wa prosesa. Omba chaja halisi, ujaribu tena. Wengi wamerudisha mashine nzima kumbe tatizo lilikuwa chaja ya bandia.

Kaa nayo angalau robo saa. Muuzaji anayekuharakisha anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Joto la Dar es Salaam au Mombasa linaathiri prosesa?

Linaathiri. Prosesa ikikaribia ukomo wake, ambao kwa Intel nyingi za laptopu ni nyuzijoto 100, hujipunguzia mwendo ili isiungue. Chumba chenye nyuzijoto 32 kinaifikisha huko mapema kuliko ofisi ya London ilikotoka. Ongeza vumbi la miaka mitano kwenye feni na pesti ya kupitisha joto iliyokauka, na i7 yako itakimbia kama Celeron. Mashine ya mtumba ipeleke kwa fundi ndani ya mwezi wa kwanza asafishe feni na kubadilisha pesti. Gharama ni ndogo na tofauti huisikia kwa masikio. Usiitumie juu ya kitanda au mto. Matundu ya hewa mengi yako chini.

Nikinunua yenye prosesa ndogo sasa, fundi anaweza kunibadilishia baadaye?

Kwa laptopu unazozikuta sokoni leo, hapana. Kuanzia kizazi cha 5, prosesa za laptopu za Intel zimeunganishwa kwa risasi kwenye ubao. Kubadilisha prosesa ni kubadilisha ubao wote. Hadi kizazi cha 4 zilikuwapo modeli ambazo prosesa ilichomoka, lakini hizo zimeshapitwa.

Ndiyo maana pesa ikiwa kidogo napendekeza utaratibu huu: itoe kwanza kwenye prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, hata kama mashine ina RAM ya 8GB na SSD ya 128GB, mradi tu nafasi za RAM ziwe za kuchomeka. Mshahara wa mwezi ujao nunua kipande cha RAM. Wa mwezi unaofuata, SSD kubwa. Na kabla ya kulipa, andikisha jina kamili la prosesa kwenye risiti, hadi herufi ya mwisho. Ikija kugundulika ni nyingine, utakuwa na kitu cha kuweka mezani.